Timu za Shamba: Nani Aliyezidogosha Ligi za Miji Midogo ya Marekani?

Mnamo Septemba mwaka 1901 viongozi wa ligi kadhaa za besiboli walikutana katika hoteli moja mjini Chicago wakaunda shirika lao. Waliliita Shirika la Kitaifa la Ligi za Besiboli ya Kulipwa. Katika jina hilo hamkuwamo neno "ndogo". Ni kweli kwamba waliwakilisha miji isiyokuwa na timu katika ligi mbili kubwa za wakati huo, na ni kweli kwamba magazeti yalikuwa yamekwisha kuzoea kuziita ligi zao ndogo. Wao wenyewe, hata hivyo, hawakujiita hivyo. Walikwenda Chicago kujikinga, kwa maana ligi hizo mbili kubwa zilikuwa vitani, zikinyang'anyana wachezaji, na nyasi zilikuwa zimekwisha kuona dalili za fahali. Ilichukua takriban karne nzima, hadi mwaka 1999, kabla ya shirika hilo kujibatiza rasmi Besiboli ya Ligi Ndogo. Makala haya yanashikilia kwamba ligi hizo hazikuzaliwa ndogo, bali zilifanywa ndogo. Na atakayetaka kujua zilifanywaje hana budi kuuliza kila mara swali moja: timu hii ni ya nani?

Huenda mhakiki akashangaa jarida la wanafunzi wa Kiswahili linatafuta nini katika viwanja vya Kansas na Carolina. Jibu langu ni kwamba historia hii, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya majina na sitiari, na hayo ndiyo tunayofunzwa kuyapima. Kwa asiyewahi kuuona mchezo wenyewe, inatosha kusema hivi: mtupaji hurusha mpira mdogo mgumu, mpigaji akajaribu kuupiga kwa gongo, na akifaulu hukimbia kuvizunguka vituo vinne hadi arejee alikoanzia. Timu hupokezana nafasi ya kupiga, kila moja mara tisa, na zikiwa sare zinaendelea mpaka mshindi apatikane.

Tuanze na majina ya timu. Mji wa Durham, Carolina Kaskazini, ulipopata timu yake mwaka 1902 uliiita Tobacconists, yaani watu wa tumbaku, kwa kuwa tumbaku ndiyo iliyoulisha mji. Kannapolis, mji wa kiwanda cha nguo uliosifika kwa taulo, ulikuwa na timu iitwayo Towelers. Fulton, kituo cha reli katika jimbo la Kentucky chenye watu elfu chache tu, timu yake iliitwa Railroaders, watu wa reli. Jina lilikuwa kitambulisho cha kazi. Aliyeketi jukwaani jioni alikuwa ametoka kuzungusha mashine mchana, na aliyekuwa uwanjani alivaa kifuani jina la mashine hiyo. Wasomaji waliokulia Chemelil au Muhoroni, ambako timu ya kandanda na kiwanda cha sukari vilifungamana kama chanda na pete, hawatahitaji maelezo zaidi.

Wala si kweli kwamba miji hii ilikuwa mikia iliyofuata vichwa. Baltimore, ambayo wakati huo haikuwa na timu katika ligi kubwa, ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Kimataifa mara saba mfululizo, kuanzia 1919 hadi 1925. Mwenye timu, Jack Dunn, alikataa kuwaachilia wachezaji wake bora kwa bei ya kutupa. Alipomuuza mtupaji Lefty Grove kwa klabu ya Philadelphia mwaka 1924 alidai, na akalipwa, dola 100,600. Aidha, mchezo wa kwanza wa usiku katika ligi rasmi za kulipwa haukuchezwa New York wala Boston. Ulichezwa Independence, Kansas, tarehe 28 Aprili 1930. Siku nne baadaye Des Moines nao wakawasha taa zao. Ligi kubwa ziliiga jambo hilo mwaka 1935, huko Cincinnati. Uvumbuzi huo ulizaliwa na dhiki: mfanyakazi aliyeponea kazi katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi hangeweza kuiacha mchana aende kutazama mpira, lakini jioni angeweza.

Sasa tuje kwenye sitiari. Mwaka 1919 Branch Rickey alikuwa akiiongoza St. Louis Cardinals, klabu ya ligi kubwa iliyokuwa haina fedha. Kila alipogundua kijana mwenye kipaji katika timu ya mji mdogo, klabu tajiri zilinusa habari zikatoa bei asiyoiweza. Suluhisho lake lilikuwa rahisi kulieleza: badala ya kununua mchezaji, nunua timu. Akaanza kupata hisa Fort Smith, Houston na Syracuse, na kufikia mwaka 1940 Cardinals walikuwa wakimiliki au kudhibiti timu 32 zenye wachezaji zaidi ya 600. Klabu nyingine zikafuata nyayo. Mpango huo ukaitwa mfumo wa shamba, na timu hizo zikaitwa timu za shamba.

Katika Kiingereza sitiari hii inadokeza ukuzaji mwema: mbegu, mche, mavuno. Kiswahili kinaona mbali zaidi. Kwetu shamba ni mahali pa kulima, lakini pia, hasa katika Kiswahili cha pwani, ni kinyume cha mji. Mtu wa shamba ni mtu asiyehesabiwa katika mambo ya mjini. Isitoshe, katika kumbukumbu ya Unguja na Pemba, shamba la mikarafuu lilikuwa na mwenyewe aliyekaa mjini, ilhali waliotoa jasho chini ya mikarafuu walikuwa watu wengine kabisa. Mimi nadai kwamba neno letu linaueleza mfumo wa Rickey kuliko neno alilolitumia yeye. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa waliochuma juani waliendelea kukaa juani, na kivulini akala mwingine: Cardinals walitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1926, kisha 1931, kisha 1934, wakitumia mazao ya miji ambayo wakazi wa St. Louis hawakuwahi kuiona.

Tazama tena majina. Bluefield, mji wa makaa ya mawe katika mpaka wa West Virginia na Virginia, ulikuwa na timu iliyoitwa Blue-Grays, jina linalokumbusha sare za buluu na za kijivu za majeshi mawili ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kuanzia 1958 timu ya mji huo ikaitwa Bluefield Orioles, kwa sababu mwenye shamba alikuwa Baltimore Orioles. Katika ligi hiyohiyo ya milima ya Appalachia wakaja kuwako Johnson City Cardinals, Elizabethton Twins na Kingsport Mets. Jina la kwanza ni la mji. La pili ni chapa ya mwenye mali, kama ile ipigwayo ng'ombe.

Mgala muue na haki yake mpe. Rickey na wenzake walileta fedha wakati ambapo fedha hazikuwapo. Kufikia 1933 ligi zilizosalia zilikuwa takriban 14; kufikia 1940 zilipita 40, na mwanafunzi mkweli hawezi kukana kwamba hazina za klabu kubwa zilichangia ufufuo huo sambamba na zile taa za usiku. Hata hivyo, kamishna wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, aliuona mfumo huo kuwa sumu. Mwaka 1938 aliwaachilia huru wachezaji zaidi ya 70 wa mashamba ya Cardinals, baada ya kubainika kwamba klabu hiyo ilikuwa na mkono katika timu zaidi ya moja ndani ya ligi moja. Hebu fikiri: timu mbili zinapambana uwanjani, mashabiki wanapaaza sauti, na mwenye timu zote mbili ni mmoja. Matokeo hayo yangekuwa na maana gani?

Sheria nayo ilikuwa upande wa mwenye shamba. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za kupinga ukiritimba haziihusu besiboli. Mtupaji mmoja, George Toolson, akathubutu kuligusa jiwe hilo. Alikuwa katika shamba la New York Yankees huko Newark; Yankees wakamwamuru ashuke Binghamton, ngazi ya chini zaidi; akakataa. Kwa kuwa mkataba wa kila mchezaji ulimfunga kwa klabu yake mwaka baada ya mwaka, kukataa kulimaanisha kutocheza popote. Alishtaki. Mwaka 1953 majaji walimkatalia kwa kura saba dhidi ya mbili. Walisema kwamba kama kuna kosa, Bunge ndilo lilirekebishe.

Kabla sijaendelea, ni lazima nijitenge na waandishi wanaoisimulia miji hiyo midogo kana kwamba ilikuwa pepo. Kuna utanzu mzima wa kumbukumbu za aina hiyo, wenye majani mabichi, soda baridi na jua linalotua, na mimi sina imani nao. Mtu mweusi Moses Fleetwood Walker alicheza Toledo mwaka 1884. Miaka mitatu baadaye wenye timu za Ligi ya Kimataifa walipiga kura kutowasajili tena watu weusi, na ukuta huo ukasimama hadi Jackie Robinson alipoichezea Montreal mwaka 1946. Hata baada ya hapo, mwaka 1953, timu ya Hot Springs, Arkansas, iliposajili ndugu wawili weusi, Jim na Leander Tugerson, wenzao katika ligi ya Cotton States walipiga kura kuitimua timu nzima. Uamuzi huo ukatenguliwa na uongozi wa juu, lakini Jim alipotaka kupanda uwanjani mwezi Mei, mchezo ulihesabiwa kuwa umepotezwa na timu yake. Mji mdogo unaweza kuonewa na mkubwa huku wenyewe ukiwaonea wengine. Swali la "timu hii ni ya nani" lina makali pande zote mbili: jukwaa la Hot Springs lilikuwa na viti vya watu weusi, na tikiti walinunua.

Mwaka 1949 ulikuwa kilele. Zilikuwako ligi 59, timu zaidi ya 440, na watazamaji karibu milioni 40 walipita katika malango ya viwanja hivyo kwa msimu mmoja. Kufikia 1963 ligi hazikufika 20 na watazamaji walikuwa wamebaki takriban milioni 10. Maelezo ya kawaida ni kwamba runinga iliingia sebuleni, kiyoyozi kikafuata, gari likampeleka baba kwingineko, na mapenzi yakaisha yenyewe.

Sikatai kwamba runinga ilifanya kazi yake. Sisi nasi tunajua jinsi kijana wa Kakamega au Thika anavyoweza kuyataja majina ya wachezaji wa London bila kukosea, ilhali timu ya mtaani kwake inacheza mbele ya watu thelathini. Lakini neno "yenyewe" ndilo ninalolipinga. Runinga na redio hazikutambaa hadi miji hiyo kwa miguu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 klabu kubwa ziliondoa kanuni zilizokuwa zikizuia matangazo ya michezo yao yasiingie katika maeneo ya timu ndogo, na fedha za matangazo hayo zilibaki kwa klabu kubwa. Mwaka 1958 klabu mbili za New York zilihamia Los Angeles na San Francisco, zikazifukuza timu zilizokuwa zimeimiliki miji hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1963 madaraja ya B, C na D yakafutwa. Daraja la D ndilo lililokuwa makazi ya miji kama Fulton. Kila mojawapo ya mambo hayo lilikuwa uamuzi wa watu waliokuwa na majina na afisi.

Mapenzi hayakuisha. Usiku wa tarehe 18 Aprili 1981 timu ya Pawtucket, mji wa viwanda katika Rhode Island, ilikutana na Rochester. Tisa zikaisha, sare. Ikafika kumi na tano, ishirini, thelathini, sare. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba wachezaji walichoma magongo yaliyovunjika wapate kuota moto. Mchezo ulisimamishwa baada ya zamu 32, saa kumi na dakika saba alfajiri, na jukwaani walikuwa wamebaki watu 19. Ulipoendelezwa mwezi Juni ulihitaji zamu moja tu, Pawtucket wakashinda 3 kwa 2. Timu hiyo haipo tena Pawtucket. Mwaka 2021 ilianza kuchezea Worcester, Massachusetts, mji mkubwa zaidi ulioijengea uwanja mpya, na ule uwanja wa mwaka 1942 ukaja kubomolewa.

Uwanja, ndio, kwani katika miongo ya karibuni ndio umekuwa ufunguo. Mkataba wa mwaka 1990 kati ya ligi kubwa na ndogo uliweka vipimo vya lazima vya viwanja: taa, vyumba vya kubadilishia nguo, viti. Ni nani angepinga vyumba safi? Ila anayetoa vipimo si anayelipa. Mlipaji aghalabu ni halmashauri ya mji, kutoka katika kodi, na asipoweza kulipa timu hufungasha.

Chukua Kinston, Carolina Kaskazini, mji wa tumbaku wenye wakazi takriban 20,000. Uwanja wake, Grainger, ulifunguliwa katika ule mwaka wa kilele, 1949, nao ni mali ya umma. Baada ya msimu wa 2011 haki ya timu iliuzwa, ikahamishiwa Zebulon. Miaka mitano uwanja ulikaa bila timu ya ligi. Mwaka 2017 ikaja timu nyingine, Wood Ducks, mali ya klabu kubwa ya Texas Rangers; baadaye ikauzwa kwa Diamond Baseball Holdings, kampuni ambayo tangu 2021 imekuwa ikinunua timu za ligi ndogo kwa makumi. Msimu wa 2024 ulipokwisha, timu ikapelekwa Spartanburg, kwenye uwanja mpya. Ukiwauliza wahasibu watakupa sababu nzuri kwa kila hatua. Lakini katika hatua zote hizo mji wenye uwanja, wenye kodi na wenye watazamaji haukuwa na kura hata moja yenye uzito.

Mkabala na Kinston naiweka Rochester, ingawa si mji mdogo. Cardinals walipotaka kujiondoa huko mwaka 1957, wakazi walichanga, wenyehisa zaidi ya 8,000 wakainunua timu. Wengi walinunua hisa chache tu, kwa kiasi ambacho mtu wa kawaida angeweza kukitoa mfukoni. Timu hiyo bado iko Rochester. Najua mfano mmoja si kanuni. Naona, hata hivyo, kwamba wanaohimiza miji kushindana kwa viwanja vya fahari wangeshauri vyema zaidi kama wangehimiza miji idai hisa kabla ya kumwaga zege.

Kisha ukaja mwaka 2020. Msimu wote wa ligi ndogo ulifutwa kwa sababu ya korona, na Septemba mkataba wa zamani ukamalizika muda wake. Ligi kubwa hazikuutia saini upya. Zilichukua usimamizi wote, zikapunguza timu kutoka 160 na ushei hadi 120, na kila iliyosalia ikapewa leseni ya miaka kumi. Zaidi ya miji 40 ilijikuta nje, Bluefield ikiwemo. Ligi ya Appalachia ikageuzwa kuwa ya wanafunzi wa vyuo wakati wa kiangazi. Tuwe waadilifu: wachezaji waliosalia wamepata nafuu ambayo shirika la zamani halikuwapa. Sheria ya mwaka 2018 ilikuwa imewanyima ulinzi wa ujira wa chini. Mwaka 2022 walijiunga na chama cha wafanyakazi, na mkataba wa 2023 ukapandisha mshahara wa ngazi ya chini ya daraja la A kutoka dola 11,000 hadi 26,200 kwa mwaka. Nafuu hiyo waliipata kwa kujipanga na kudai. Miji haina chama.

Turudi kwenye majina, maana ndiko tulikoanzia. Mwaka 2021 wasimamizi wapya walizifuta ligi zote za kale majina yake. Ligi ya Kimataifa ikawa "Triple-A Mashariki", na ligi ya Carolina ikawa "A ya Chini Mashariki", kama makabati ya afisi. Mwaka uliofuata majina mengi yakarudishwa. Jina la ligi ya New York-Penn halikurudi. Ligi hiyo iliundwa mwaka 1939 huko Batavia, mji mdogo wa New York unaozungukwa na mashamba ya udongo mweusi wa kinamasi, na ni udongo huo uliowapa timu yao jina Muckdogs, mbwa wa tope, mwaka 1998. Ligi imekufa. Muckdogs wanacheza bado, kila kiangazi, katika ligi ya wanafunzi wasiolipwa. Hakuna klabu kubwa inayowamiliki.